Impreza WRX inazima na geji inasema robo tenki. Wajuzi wa Subaru naombeni msaada

KijanaWaKihonda
Jumapili, saa 3:20 usiku

Wakuu habari za Jumapili.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, bodi ya GDA, gia za mkono. Nimeinunua kwa mtu mwezi wa pili. Injini haina neno, turbo inapuliza, oili haipungui. Kinachonisumbua ni geji ya mafuta, na imeshaniaibisha.

Ijumaa nimetoka Dar kwenda Moro kumsalimia bibi. Wakati naondoka mshale ulikuwa juu kidogo ya nusu, nikapiga hesabu kwamba nafika na mengine yanabaki. Nimeshapita Mikese, mshale uko robo kamili, gari likaanza kukohoa kama mtu aliyepaliwa na ugali. Nikakanyaga, likavuta kidogo, likazima. Starta inazunguka, injini haishiki. Nyuma yangu lori linapiga honi, pembeni watoto wanashangilia "Subaru imekufaaa".

Bodaboda akaniletea lita 5 kwenye kidumu, bei yake sitaki kuikumbuka. Nimemimina, starta mara tatu, ikawaka. Nikatembea kama kilomita 20 hadi Msamvu, nikaingia kituo cha mafuta nikajaza mpaka bunduki ikakata. Zimeingia lita 41.

Kwa hiyo geji inasema robo kumbe tenki limekauka. Fundi wa hapa Moro amesema ni sensa ya tenki, nitafute ya mtumba, kama laki na nusu hivi. Kabla sijatoa hela nimeona nije kwenu.

Mengine ambayo labda yatasaidia: taa ya njano ya mafuta haiwaki kabisa, balbu yake iliungua tangu nainunua. Na nikijaza tenki lote, siku mbili za mwanzo siti ya nyuma inanuka petroli. Fundi anasema ni kawaida ya Subaru za zamani, mke wangu anasema si kawaida ya gari lolote.

---

NimekaaSitiYaMbele
Jumapili, saa 3:31 usiku

Dawa ya geji ya Subaru ni kutoiangalia. Ukiona mfuko umebaki na elfu kumi, jua na tenki ndivyo lilivyo.

---

OtisWaRuiru
Jumapili, saa 4:05 usiku

Boss pole. Usinunue sensa kabla ya kupima, watu wengi wanachomwa hapo.

Hiyo sensa ni kitu rahisi sana. Kuna boya linaloelea juu ya mafuta, boya liko kwenye mkono wa waya, na mkono unasugua kipande chenye ukinzani wa umeme. Mafuta yakipanda, mkono unapanda, ukinzani unabadilika, na dashibodi inasoma mabadiliko hayo. Kwa Subaru za umri huo tenki likijaa ukinzani unakaribia sifuri, likiisha unapanda hadi makumi ya omu. Magari mengine ni kinyume chake, kwa hivyo usichukue ushauri wa mtu mwenye gari ingine ukaupeleka kwa yako.

Fanya hivi. Zima swichi, inua siti ya nyuma, tafuta plagi ya sensa, itoe. Halafu washa swichi bila kuwasha injini. Mshale unafaa ushuke hadi E. Uwe na subira, umetengenezwa uende polepole ndio usicheze kila gari ikipanda bampu, kwa hivyo ngoja hata dakika mbili. Ukishuka, dashibodi iko sawa. Ukikataa kushuka, shida iko dashibodi ama kuna waya umechubuka ukagusa bodi, na sensa mpya haitakusaidia.

Pia uliza fundi kama mashine ya kupima gari ilileta kodi, yaani namba za hitilafu. P0461 ni sensa inayosoma vitu visivyoeleweka, P0462 ni volti ya chini, P0463 ni volti ya juu.

Na je, mshale hurukaruka? Sensa iliyochakaa kawaida huwa na mahali pamoja imelika, ukifika hapo mshale unaanguka ghafla halafu unarudi.

---

KijanaWaKihonda
Jumapili, saa 4:18 usiku

Mkuu Otis shukrani. Mshale haurukiruki hata siku moja. Unashuka taratibu kama saa ya ukutani. Ndiyo maana niliuamini. Kodi hakuna.

---

ChaliiWaNjiro
Jumapili, saa 4:40 usiku

Mimi nina Altezza, yangu ilikuwa inafanya vituko vingine. Mchana geji iko sawa, usiku nikiwasha taa mshale unahama. Nimebadilisha sensa, nimebadilisha dashibodi nzima, wapi. Mzee mmoja wa umeme hapa Arusha akaja na waya mmoja mkononi, akaunganisha bodi na waya wa ethi wa nyuma (ule unaorudisha umeme kwenye bodi), mshale ukatulia palepale. Bolti ya ethi ilikuwa na kutu. Alinidai elfu tano na soda. Nikahesabu nilizotumia kabla yake nikaumwa kichwa.

Cheki ethi kwanza chalii.

---

MnyamweziMajuu
Jumatatu, saa 11:50 alfajiri

Nami niongeze la mafuta yenyewe. Mwaka 2004 niko Tampa, Florida, mwezi wa tano magari yakaanza kugoma geji mengi kwa wakati mmoja. Mshale unaonyesha tenki limejaa, mtu anaishiwa katikati ya barabara kuu. Ikaja kujulikana kuna shehena ya petroli iliyotoka na salfa nyingi, hapo Florida na Louisiana. Vile vijipande ambavyo mkono wa sensa unasugua vina madini ya fedha, na salfa inaishika fedha ikaifanya nyeusi, umeme haupiti vizuri. Vituo vikasitisha kuuza na watu wakabadilishiwa sensa.

Kwa hiyo sensa inaweza kufa hata gari likiwa jipya. Ila dalili yako wewe ya mshale kushuka vizuri bila kuruka hailingani na hiyo, maana kijipande kilichoshikwa na uchafu hakitulii.

---

SalimMaskati
Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Assalaam aleikum wana ukumbi.

Hapa Maskati nina Nissan 350Z. Jambo moja sijaona mtu amelisema: je, mmeangalia gari hii ina sensa ngapi? Yangu mimi ina mbili, kwa sababu tenki limekatika katikati kupisha shafti inayokwenda kwenye difu ya nyuma. Geji inasoma zote mbili pamoja. Mimi nilikuwa nikijaza mpaka juu mshale unakomea nusu, nikagombana na kituo cha watu bure. Kumbe boya la upande mmoja lilikuwa limenasa chini. Hilo lenyewe lilikuwa la kusafisha tu, halikuhitaji hata spea.

Impreza nayo inaendesha magurudumu manne, lazima shafti ipite pale chini. Hebu chunguzeni.

---

KijanaWaKihonda
Alhamisi, saa 1:10 usiku

MREJESHO.

Wakuu msinipige mawe. Nilipata sensa ya mtumba ya upande wa kulia Jumanne, fundi alikuwa na haraka, tukaifunga. Baada ya kuifunga ndipo nikamwambia tuipime ile ya zamani kwa multimita. Tukasogeza mkono wake kwa kidole kutoka chini hadi juu. Chini omu 52, juu 2, na katikati namba zinateremka zenyewe bila kuruka hata sehemu moja. Yaani nimetoa sensa nzima nimeweka nyingine nzima. Fundi akanyamaza, mimi pia nikanyamaza.

Jana nikarudi Dar. Jioni hii natoka Mbezi naelekea Kimara, mshale robo tena, likazima tena! Nikalisukuma pembeni na vijana wawili wa daladala, tairi za kushoto zikapanda kwenye lundo la udongo waliolimwaga watu wa barabara, likakaa kichwa upande kama mlevi. Nikakaa ndani kama dakika 20 nampigia fundi simu. Kwa hasira nikapiga starta: likawaka! Sijaongeza hata tone. Nimetembea kama kilomita 3 hadi kituo, nikajaza.

Fundi sasa anasema si geji tena. Anasema pampu ya mafuta inachemka inazima, ikipoa inawaka. Anataka laki tatu ya pampu.

Nimechoka kwa kweli.

---

NimekaaSitiYaMbele
Alhamisi, saa 1:22 usiku

Kwa mwendo huu mwezi ujao fundi atakuwa na WRX na wewe utakuwa na kidumu.

---

MamaTurbo
Alhamisi, saa 2:03 usiku

Mimi si fundi, mimi ni mhasibu, gari langu linaenda kwa fundi nikiwa nimelala. Lakini kuna hesabu hapa haijafungwa na hakuna aliyeiona.

Tenki la gari hilo ni lita ngapi? Nimetafuta naona 60. Siku ya Mikese uliweka lita 5 za kidumu. Ukatembea kilomita 20, tuseme umetumia lita 2, zimebaki 3. Halafu Msamvu zikaingia 41 likajaa. Tatu na 41 ni 44. Je, 16 zilitoka wapi?

Kama tenki lilikuwa limekauka kama unavyosema, ungejaza karibu 57. Wewe ulijaza 41. Maana yake wakati gari linazima pale Mikese, ndani kulikuwa na lita 16. Na lita 16 kwenye tenki la 60 ni nini? Ni robo na kidogo.

Geji ilisema robo. Geji haijadanganya, bro. Mmeishtaki bure.

---

ChaliiWaNjiro
Alhamisi, saa 2:09 usiku

Mama umeua.

---

OtisWaRuiru
Alhamisi, saa 2:15 usiku

Wacha! Hiyo hesabu iko sawa. Lakini sasa kama kulikuwa na lita 16, kwa nini ikazima, na kwa nini lita 5 zikaiamsha? Ama fundi yuko sahihi, pampu inachoka?

---

FundiShebe
Alhamisi, saa 4:30 usiku

Nimesoma uzi wote toka juu. Niko Mombasa, Subaru nazifungua toka zile Legacy za kwanza kwanza. Huyo mama mhasibu ashaimaliza kazi, mimi namalizia sehemu ya spana.

Swali moja tu kwa mwenye gari. Pale Kimara, tairi za kushoto ndizo zilizopanda kwenye udongo, sio? Basi gari lililalia kulia. Na pampu yako iko wapi? Kulia, nyuma ya siti ya dereva. Gari halikuwaka kwa sababu pampu ilipoa. Liliwaka kwa sababu mafuta yalimiminika kutoka kushoto yakaja kulia yenyewe, yakaifuata pampu.

Sikizeni niwaeleze hilo tenki. Ndugu yetu wa Maskati aligusa penyewe ila hakumalizia. Mumewaona punda wa Lamu wakibeba mchanga? Punda huwekewa shogi, mfuko huku na mfuko huku, katikati ni mgongo. Tenki la Impreza ni shogi, na huo mgongo ni nafasi ya shafti na ekzosi kupita. Mafuta yakiwa mengi yanaelea juu ya mgongo, pande zote mbili ni bahari moja. Yakishuka chini ya mgongo, yanakuwa madimbwi mawili yasiyoonana. Pampu iko dimbwi la kulia. La kushoto halina pampu.

Sasa haya ya kushoto yanafikaje kwa pampu? Hapo ndipo ujanja ulipo. Pampu husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyokunywa, yanayozidi yanarudi tenkini. Hayo yanayorudi hupitishwa kwenye tundu jembamba, yanakimbia kasi, na penye kasi pana mvuto. Ukiwa kwenye baiskeli lori likikupita mbio unaona linavyotaka kukuvuta? Ndio hivyohivyo. Mvuto huo umeungwa na mpira mwembamba unaokwenda mpaka kushoto, unayafyonza ya kule na kuyaleta kulia. Hauna mota wala waya, ndio maana mashine haitakuonyesha kodi hata ukiipima mwaka mzima.

Ufyonzaji huo ukifa, gari linakunywa dimbwi la kulia mpaka tone la mwisho na la kushoto limekaa kama lilivyo. Na lita 5 za kidumu ziliamsha gari kwa sababu mdomo wa tenki uko kulia, zilianguka palepale kwa pampu.

---

OtisWaRuiru
Alhamisi, saa 4:48 usiku

Fundi nakuheshimu lakini hapo pa geji sijashika. Kama upande wa pampu umekauka, sensa ya kulia si inafaa ionyeshe E?

---

FundiShebe
Alhamisi, saa 5:02 usiku

Ingekuwa peke yake, naam. Lakini sensa mbili zimefungwa kwa kufuatana, umeme unapita moja kisha unaingia ya pili, na dashibodi inaona jumla tu. Haijui nani kachangia ngapi.

Chukua hesabu za jumlajumla. Ya kulia ikikauka ni 50 na ushei. Ya kushoto ikikauka ni kama 40. Zote zikikauka, jumla ni 90 na kitu, mshale E. Sasa ya kulia imekauka, 50. Ya kushoto ina mafuta kiasi, tuseme iko 20. Jumla 70. Dashibodi ikiona 70 katika 90 inasema robo bado ipo. Na ni kweli ipo! Ila ipo nyumba ya pili na mlango umefungwa.

Ndio maana pia waya mmoja ukikatika popote kwenye mstari huo, mshale unaanguka E hata tenki limejaa. Na boya moja likinasa chini ndio unapata ile ya Salim ya kukomea nusu. Dalili tatu tofauti, wote wanasema "geji imeharibika", na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Kijana, usinunue pampu. Na tenki usilifungue. Endesha mpaka mshale ukaribie robo, usingoje izime. Tafuta mahali pa wazi, si karibu na mchomeleaji, na usiwe na mtu anayevuta sigara. Fungua mfuniko wa kujazia mafuta tenki lipumue. Chomoa kichwa hasi cha betri. Toa siti ya nyuma, inua kapeti, utaona vifuniko viwili vya bati, kulia na kushoto. Vifungue vyote viwili, chomoa plagi zake, pima kwa multimita upande wa sensa, sio upande wa waya za gari. Kulia kuna waya nene za pampu pia, hizo ziache. Niletee namba mbili.

Halafu tazama mpira mwembamba unaotoka kwenye bati la kushoto kwenda kulia. Upinde kwa vidole, sehemu ya shingoni hasa. Hiyo harufu ya petroli tenki likijaa inanitia shaka na mpira huo kuliko kitu chochote. Mpira wa kufyonza haumwagi mafuta ukipasuka, unavuta hewa tu. Lakini tenki likijaa pomoni, mafuta na mvuke wake hupanda mpaka pale, na pua ya mkeo inajua kabla ya fundi.

Ule mpira mwingine mnene wenye presha usiuguse.

---

KijanaWaKihonda
Alhamisi, saa 5:10 usiku

Fundi Shebe nimesoma mara mbili. Jumamosi nafanya. Mke wangu nimemsomea hapo pa pua, amecheka mpaka amekaa chini.

---

MamaTurbo
Alhamisi, saa 5:14 usiku

Msalimie. Mwambie ahifadhi risiti za mafuta.

---

BodaWaMikese
Ijumaa, saa 1:00 asubuhi

Bei ya kidumu ilikuwa ya kawaida sana. Kilomita niliyokwenda mnaijua?

---

KijanaWaKihonda
Jumamosi, saa 10:35 jioni

MREJESHO WA PILI, na nimeandika kirefu maana najua kuna mtu atautafuta uzi huu baadaye akiwa kakaa pembeni ya barabara.

Nimeendesha mpaka mshale ukawa juu ya robo kwa unywele. Nikaegesha uwanjani kwa shemeji, jirani ana kiwanda cha mageti nikamwomba asitishe kuchomelea kwa saa moja, akaomba soda, nikatoa. Betri nje. Siti imetoka kirahisi, kazi ilikuwa kapeti, limeshikana na gundi ya miaka. Chini ya siti nimekuta shilingi mia mbili, kofia ya mtoto na kalamu ya yule aliyeniuzia.

Namba: kulia 47. Kushoto 18.

Jumla 65. Nilikaa nikaziangalia kama matokeo ya mtihani. Kulia pamebaki kidogo mno, kushoto kumejaa vizuri, na mshale uko robo na kidogo kama Fundi alivyosema. Yaani ningezunguka nalo kilomita chache tu likazima tena.

Halafu mpira. Kwa juu unaonekana mzima, mweusi, umetulia. Nikaupinda shingoni karibu na bati la kushoto: ufa huo hapo, umeenda karibu nusu ya mzunguko, unafunguka kama mdomo wa samaki. Na klipu si ya kiwandani, ni ile ya bisibisi ambayo imekazwa mpaka imekata mpira. Nikampigia aliyeniuzia. Kwanza akasema gari halijawahi kufunguliwa. Nikamtajia kalamu. Akacheka, akasema ndiyo, pampu ilibadilishwa "kama mwaka jana hivi".

Swali: niweke mpira gani? Duka la karibu wana wa maji na wa upepo.

---

FundiShebe
Jumamosi, saa 11:20 jioni

Mpira wa petroli, tena wenye maandishi ya petroli ubavuni. Wa maji utavimba, utalainika, baada ya miezi utakuwa umeziba na utarudi hapa kutuuliza tena. Chukua kipimo cha ndani kwa kubeba kipande cha zamani dukani, usikisie. Klipu chukua zile laini zisizo na meno, kaza mpaka mpira usizunguke kwa mkono, basi. Aliyekaza ile ya kwanza alidhani anafunga tairi la trela.

Na kabla hujarudisha siti, washa injini iungurume kama dakika 20, kisha uzime, chomoa betri upime tena kushoto. Namba ikipanda, mafuta yanaondoka kule. Isipopanda, tundu jembamba lenyewe limeziba, na hapo tutazungumza lugha nyingine.

---

SalimMaskati
Jumamosi, saa 1:05 usiku

Maashallah. Na sisi wa Z tuna balaa jingine la tenki hili la shogi: ukiwa chini ya nusu ukachukua kona ndefu kwa kasi, mafuta yanakimbilia upande usio na pampu na gari inakata pumzi katikati ya kona. Kijana, mpaka umalize kazi hiyo usijaribu kona za Kitonga.

---

KijanaWaKihonda
Jumatatu, saa 3:00 usiku

Wakuu, limepona.

Nimefunga mpira mpya jana asubuhi. Nikawasha, nikaliacha likinguruma, vijana wa jirani wakaja kusikiliza mlio wa injini ya boksa kama wamekuja kwenye taarabu. Baada ya dakika 20 nimepima kushoto: kutoka 18 imefika 33. Nikangoja tena kidogo, 38. Kulia nayo ikashuka hadi thelathini na kitu, maana mafuta yamehamia huko. Sikuamini kwamba kitu hakina mota kinafanya kazi hiyo.

Leo nimeendesha kwa makusudi, kidumu cha lita 5 kwenye buti na roho mkononi. Mshale ukapita robo, ukapita nusu ya robo, ukalala juu ya E. Halikukohoa. Nikaingia kituoni nikajaza: lita 53. Mama Turbo, risiti ninayo.

Harufu hakuna. Mke wangu amekaa siti ya nyuma makusudi kukagua, ameridhika. Balbu ya taa ya njano nimeagiza, hiyo ni ya kutoa dashibodi, nitaifanya nikipata ujasiri.

Fundi Shebe, nikija Mombasa nina deni lako.

---

FundiShebe
Jumatatu, saa 3:25 usiku

Njoo. Ila ujaze Tanga.

---

KijanaWaKihonda
Jumatatu, saa 3:41 usiku

Halafu kuna jambo la mwisho. Nina sensa ya kulia ya GDA, nzima kabisa, 52 hadi 2, imepimwa mbele ya mashahidi. Nauza laki na ishirini.

---

NimekaaSitiYaMbele
Jumatatu, saa 3:44 usiku

Nina elfu thelathini. Geji yangu inasema robo.

---

MamaTurbo
Jumatatu, saa 3:46 usiku

Robo kamili. Hii nayo haidanganyi.